Utamaduni Nilioujenga Mtaa wa Narung'ombe

Jumatatu, 14 Julai

Semina imeisha. Mimi si yule wa jana.

Ukumbi karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja. Kiyoyozi kinafanya kazi, sambusa za kutosha, mwezeshaji ana sauti ya mtangazaji wa mpira. Mada: kiongozi na utamaduni wa kazi. Nimekaa mstari wa mbele. Elisaria amekaa nyuma, karibu na mlango.

Nijitambulishe, maana siku moja shajara hii itasomwa. Mimi Twaha ni msimamizi wa duka la vyombo la Mama Severa, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Sufuria, hotpoti, chupa za chai, sahani, kwa jumla na rejareja. Elisaria anasimamia duka lake la pili, ng'ambo ya mtaa. Tunatazamana kutwa nzima kama majogoo wa nyumba mbili. Sasa Mama Severa anafungua duka la tatu, kubwa, chini ya ghorofa jipya pale kona. Linatafutiwa kiongozi. Ametupeleka semina sote wawili, halafu yeye akapanda basi kwenda Rombo kumuuguza mama yake. Kabla hajaondoka alisema kwamba anataka duka linalojiendesha hata mwenyewe akiwa hayupo. Akirudi atatazama, atachagua.

Mwezeshaji kasema utamaduni wa kazi ni yale wanayofanya watu bosi akiwa hayupo. Maneno mazito! Kasema pia kwamba kuujenga huchukua miaka. Hapo nilimwonea huruma. Hanijui huyu. Mimi nitaujenga kabla Mama Severa hajarudi.

Elisaria hakumaliza semina. Aliinuka mchana, eti mzigo umefika dukani kwake na hapendi vijana wabebe peke yao. Msimamizi mzima! Huyo nimeshamshinda.


Jumanne, 15 Julai

Nimewakusanya watu wangu kabla ya kufungua. Ninao watatu. Chiku, muuzaji, anayeweza kumuuzia sufuria hata muuza sufuria. Hamis wa stoo, ambaye hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa hufikiria kwanza. Candida, keshia, ambaye hutazama kucha zake kila ninapofungua mdomo.

Nimewatangazia tunu zetu: Umoja, Ubunifu, Uwajibikaji, Uchangamfu na Utii. Zote zinaanza na U. Nilikaa nazo usiku kucha.

Candida aliuliza kama kuna U ya bomba la choo, maana linavuja tangu mwezi wa Ramadhani. Nikamweleza kwa upole kwamba hayo ni mambo ya uendeshaji, hapa tunaongelea utamaduni. Hamis naye akauliza nani amezichagua. Nikajibu ni sisi. Akafikiria. Akauliza sisi gani.

Nimegundua wana kiu ya mwongozo. Kesho tunaanza wimbo wa asubuhi. Nimeutunga bafuni, Sitara mke wangu anagonga mlango anataka ndoo. Wakubwa hawaelewekagi majumbani mwao.


Jumatano, 16 Julai

Wimbo umeimbwa! Tulisimama barazani mbele ya duka, mimi nikiongoza kwa fimbo ya kushushia vyombo. Vyombo vyetu ni imara, moyo wetu ni imara, Narung'ombe tunang'ara. Chiku ana sauti nzuri. Candida alifumba macho, nadhani kwa hisia. Hamis alichezesha midomo tu.

Watu walijaa. Mama mmoja aliniuliza hili ni kanisa gani na ibada za katikati ya wiki ni siku zipi. Baba mmoja alinivuta pembeni, akataka kujua hiyo dawa ni ya kunywa au ya kupaka. Nikamwambia ni utamaduni. Akasema basi ampe mkewe kwanza ajaribu.

Aliyenufaika ni Shaibu. Shaibu ni machinga. Hununua sahani kwetu kwa jumla, kisha huzitandika chini hatua chache kutoka mlangoni na kuziuza. Alipoona umati, akasogeza turubai lake mpaka miguuni pangu. Ubeti wa pili haujaisha, sahani zake zimeisha. Alikuja kunishukuru kwa mikono miwili, akauliza kama jioni tutarudia.

Ng'ambo, Elisaria aliwatolea wateja wake viti wakae watutazame vizuri. Hiyo ni hofu. Najua kuitambua hofu.


Jumamosi, 19 Julai

Sare zimetoka kwa fundi. Jumuiya isiyo na sare ni abiria tu. Nilichagua kitambaa mwenyewe, kigumu, chenye heshima, na kofia juu. Usiku wa jana Sitara alishika shati, akaligeuza, akaniuliza, "Baba Fatuma, hii rangi umeitazama juani?" Nikamwambia rangi ni moja, juani na kivulini.

Leo saa ya soko kuchangamka nikawapanga kwa mstari. Mpango: kutoka dukani, mpaka kona ya ghorofa jipya, kurudi. Mtaa wote ututambue. Tulipiga hatua kwa pamoja, kwa mara ya kwanza nikahisi nina jeshi.

Hatukufika mbali. Mtu fulani akapiga kelele: mgambo!

Sijawahi kuona kitu kile. Turubai ziliinuliwa zote kwa mkupuo mmoja. Viatu, mikanda, nyanya, simu, vyote vikatoweka. Machinga wakakimbia pande zote, wengine wakapenya chini ya mikokoteni. Shaibu alirukia ndani ya mgahawa akiwa na dazeni za sahani kichwani, nikasikia sauti ya udongo ukikutana na sakafu. Mtaa ukabaki mweupe. Kumbe baraza la duka la yule mzee muuza vitenge lina vigae! Miaka yote sikujua.

Tukabaki sisi katikati ya barabara, na sare zetu. Candida alisema taratibu kwamba tumefanana na mgambo wa jiji kila kitu isipokuwa gari.

Tatizo ni kwamba wale waliokimbia ndio wateja wetu wa jumla. Mchana kutwa hakuna aliyerudi kuchukua mzigo. Wametukasirikia. Nimekaa nikitafakari namna ya kuwaelimisha kwamba hofu yao haina msingi.


Jumatatu, 21 Julai

Chiku amefanya jambo bila kuniuliza. Asubuhi alivua shati la sare, akabaki na gauni lake na mtandio, akatoka. Alipita uchochoro kwa uchochoro, mitaa ya Kongo na Sikukuu, mpaka kule Mkunguni, akiwaomba machinga radhi mmoja mmoja. Kwa Shaibu alikwenda na sahani mpya kufidia zilizovunjika. Kabla ya adhuhuri wote wamerudi, mlangoni hakupitiki. Tumeuza vizuri.

Nilimwita pembeni. Nikamkumbusha tunu ya tano, Utii. Akasikiliza mpaka nikamaliza. Akasema kwa heshima zote kwamba siku nyingine nikiwa na jambo niwaulize wao kwanza, maana wao ndio wanaoshinda na watu hawa. Akasema pia zile sare zinawasha.

Kiongozi hakasiriki. Kiongozi hupanga upya. Nimempandisha cheo Chiku. Kuanzia leo ni Balozi wa Utamaduni. Kituo chake cha kazi ni stoo, ghorofani juu ya duka, ambako ataandaa mawazo kwa utulivu. Wateja hawafiki huko.

Mchana wanawake wengi walikuja kumuulizia. Nikawaambia yupo kikazi. Wakasema watarudi. Wakavuka barabara.


Jumanne, 22 Julai

Chiku ameondoka. Amehamia kwa Elisaria.

Nilidhani atasema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Alisimama mbele ya meza yangu, mkoba begani, sauti ya chini. "Kaka Twaha, sina kinyongo na wewe. Ila mimi ni muuzaji, na kule juu hakuna wa kumuuzia."

Nikamuuliza cheo je. Akasema cheo ananiachia.

Hamis alimbebea kiti chake alichozoea kukalia, akakivusha barabara juu ya kichwa. Candida alimsindikiza mpaka katikati. Mimi nilibaki nimeshika kikokotoo, sikokotoi chochote. Hata feni niliisikia.

Sijakata tamaa. Jengo haliporomoki kwa tofali moja kutoka. Lakini nahitaji kujua hali halisi. Yale wanayofanya watu bosi akiwa hayupo! Jibu lilikuwepo tangu semina. Lazima nisiwepo.


Jumatano, 23 Julai

Jaribio limefanyika.

Asubuhi nimetangaza kwamba ninakwenda Temeke, nitachelewa. Nikatoka kwa mbwembwe. Nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikapanda stoo kwa vidole vya miguu. Sakafu ya stoo ni ya mbao, ina nafasi kati ya ubao na ubao, ukiwa juu unasikia kila neno la chini. Jana jioni Hamis alipokwenda msikitini nilikuwa nimejitengenezea pango kati ya maboksi. Nilitoa yale makubwa ya sufuria kutoka chini, nikayapandisha juu ya yale mepesi ya hotpoti. Kazi ya mtu mwenye nia. Ndani nikaweka mto wa kochi wa Sitara, ule wenye maua, na chupa ya juisi ya ukwaju.

Nikasikiliza. Nilitegemea uvivu. Nilitegemea kusengenywa, na nilikuwa tayari kusamehe.

Walifanya kazi. Candida alitoka kwenye droo yake kwenda kupanga vikombe. Hamis alimwambia mteja mmoja mama, atokaye Mbagala, kwamba hotpoti aliyoshika ina ufa na kwamba atamletea nyingine. Wateja walipozidi, Chiku akavuka barabara kuja kuwasaidia, nikamsikia akisema Elisaria amemruhusu. Walicheka. Walitaniana. Jina langu halikutajwa hata mara moja. Hata kwa ubaya!

Hapo katikati nadhani nilisinzia kidogo. Nilipoamka, Hamis alikuwa amepandisha mzigo mpya na kuuweka mbele ya pango. Nimezibwa. Nikajipa moyo. Kisha vumbi la maboksi likanipanda puani, nikapiga chafya iliyotikisa stoo.

Boksi moja likaondolewa taratibu. Sura ya Hamis ikatokea kwenye tundu. "Bosi," akasema, "umerudi mapema."

Aliutazama ukuta wa maboksi kwa muda mrefu. Akasema sufuria hazikai juu ya hotpoti, upangwe upya leo hii hii, yeye yuko tayari kubaki. Nikakataa. Jaribio la siku moja si utafiti. Ninahitaji pango mpaka wiki iishe. Nimemwamuru asiguse.


Alhamisi, 24 Julai

Naandika usiku, Sitara ameshalala.

Mchana nilikuwa Mnazi Mmoja kwa mpiga picha. Nilitaka picha kubwa ya kutundika dukani, mimi nimekunja mikono, tunu zetu chini yangu. Ilitoka nzuri. Nikaikunja, nikaibana kwapani, nikarudi kwa miguu nikipiga mluzi.

Dukani kulikuwa na watu, lakini si watu wangu. Elisaria yuko nyuma ya kaunta yangu, anauza sufuria zangu, anaweka kwenye droo yangu. Shaibu amesimama mlangoni kama mlinzi. Turubai lake kaliacha nje na sahani zake zote, hakuna anayeziangalia. Nilitaka kufoka. Elisaria akaniwahi. Akaniambia ukuta wa maboksi umeanguka stoo, umemwangukia Hamis. Mguu umevunjika. Chiku na Candida wamempakia kwenye bajaji, wameshafika hospitali.

Nikasema nini, sikumbuki. Nadhani niliuliza habari za duka. Elisaria hata hakuinua kichwa kutoka kwenye sufuria aliyokuwa anafunga. "Wahi hospitali. Duka lipo."

Nilikimbia. Hamis alikuwa amelala kitandani, uso umekuwa rangi ya majivu, jasho limemtoka. Mkewe amekaa pembeni, Chiku amembebea mtoto, Candida anazungumza na daktari kwa ukali ambao sijawahi kuuona dukani. Nilisimama miguuni pa kitanda. Maneno yote ya semina yalinikimbia kama machinga.

Hamis alifumbua macho. Akaniuliza kama yule mama wa Mbagala alipata hotpoti nzima. Nikasema alipata. Akatikisa kichwa kwamba vizuri. Halafu akasema polepole, ili mkewe asisikie, "Ule ukuta nilikwambia, bosi."

Muuguzi alipita, akaona nilichokibana kwapani, akauliza kama hiyo ndiyo picha ya mguu.


Jumamosi, 26 Julai

Mama Severa amerudi. Kashuka kwenye basi, hakwenda nyumbani, kaja moja kwa moja. Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba, yuko wapi Hamis. Nikamweleza kwamba kumetokea changamoto ndogo ya kimiundombinu. Akanipita, akapanda stoo.

Tukampandia wote: mimi, Candida, na Chiku aliyekuja mbio kutoka ng'ambo. Maboksi yalikuwa bado yametawanyika, na pango langu limekaa wazi kama jino lililong'oka. Katikati yake mto wenye maua. Kando ya mto, chupa ya ukwaju.

Mama Severa aliuinua mto kwa vidole viwili. Akauliza nani amepanga maboksi namna hii. Akampigia Hamis simu, akaweka spika. Hamis akasema yalianguka tu, mama, ni ajali. Mama Severa akauliza mto ni wa nani. Candida akatazama kucha zake, akasema labda kuna paka anayelala humu. Mama Severa akaishika chupa, akataka kujua ni paka gani anayekunywa ukwaju.

"Paka wa mjini, mama," Chiku akasema, macho makavu.

Chiku, niliyemfungia stoo! Candida, ambaye bomba lake la choo linavuja mpaka leo! Na Hamis, mguu juu ya mito ya hospitali! Hawakuwa na sababu hata moja ya kunificha. Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Wallahi nilifungua. Lakini nikaona kusema sasa kutavunja umoja, na umoja ndio tunu ya kwanza.

Mama Severa alitutazama mmoja mmoja. Akanitazama mimi zaidi. Akaurudisha mto chini, akajipangusa mikono.

"Watu wanaoweza kumficha mtu kama wewe, Twaha," akasema, "hao nawataka wote kwenye duka jipya."

Ndivyo ilivyoamuliwa, pale pale, kati ya sufuria. Chiku atakuwa msimamizi wa duka la kona. Candida anakwenda naye. Hamis atakwenda akipona, kazi yake ya kukaa itaandaliwa. Elisaria aliitwa, akasema yeye hana tatizo, alishajua Chiku hakai kwake sana. Mimi nimebakishwa hapa hapa, duka la zamani. Nitaletewa watu wapya. Mama Severa kasema nianze kwa kuwasikiliza.

Nimekaa mlangoni mpaka jioni. Kwa mara ya kwanza sikuwa na mpango wowote. Ni hali mbaya, simwombei adui.


Jumapili, 27 Julai

Sitara amegundua mto wake haupo. Nilimsimulia yote, hakuna namna. Hakunipigia kelele. Alipika maandazi, akafunga kwenye hotpoti, akasema twende kwa Hamis, karuhusiwa kurudi nyumbani, na hatutoki kule mpaka nimeomba radhi.

Hamis anakaa huku huku kwetu Magomeni, nyumba ya vyumba vya kupanga, jirani na msikiti. Tulimkuta uani, mguu umefungwa plasta ngumu, hogo jeupe, umewekwa juu ya kigoda. Tukala maandazi. Tukaongea habari za mvua. Sitara akanikanyaga. Nikasema. Nilisema kwamba maboksi niliyapanga mimi, kwamba aliniambia nikakataa, kwamba nilikuwa nimejificha kutazama wanafanya nini nikiwa sipo, na kwamba mguu wake uko juu ya kigoda kwa sababu yangu. Ilitoka vibaya, nusu nusu, huku nikitazama kuku.

Hamis alifikiria, kama kawaida yake. Akaniambia yamekwisha, mfupa utaunga. Halafu akaanza kucheka mpaka akashika mguu.

"Ila bosi, siku ile wote tulijua upo juu. Ulikuwa unakoroma."

Sitara alicheka mpaka akatoa machozi. Mke wa Hamis pia. Nilicheka na mimi mwishowe, ilikuwa lazima, na moyo ulikuwa mwepesi kuliko siku nyingi.

Njiani nilimuuliza Sitara swali ambalo limenisumbua. Kama walijua nipo, lakini wakafanya kazi kama sipo, matokeo ya jaribio yanahesabikaje? Akaongeza mwendo, akanitangulia.


Jumatatu, 4 Agosti

Duka la kona limefunguliwa wiki iliyopita. Linakwenda. Watu wapya wa kwangu wanaanza kesho, wawili, sijawaona bado.

Mchana nilikuwa peke yangu nikipangusa chupa za chai. Simu ikalia, Chiku. Kasema, "Kaka Twaha, funga dakika chache uje tule." Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu. Nikafunga.

Nyuma ya duka lake, kati ya maboksi yaliyopangwa vizuri, wametandika mkeka. Sinia kubwa katikati: wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga, pilipili ya kusaga. Wamezunguka wote. Candida. Elisaria kavuka barabara na vijana wake. Shaibu naye yumo, kaacha turubai nje. Hamis yupo, kaja na bajaji kutembelea, amekalia kiti na hogo lake limenyooshwa mbele, wanamsogezea samaki. Waliponiona wakajibana, nafasi ikatokea. Nikanawa, nikakaa. Chiku akanipa kichwa cha samaki bila kuniuliza, anajua ndicho ninachopenda.

Walikuwa wanaongea huku wanakula. Mmoja alisema mtoto wake ana homa, Candida akasema atamkalia zamu aende. Shaibu alilalamika sahani za mzigo mpya zinapasuka ukingo, Chiku akasema zirudishwe zote, hata zilizouzwa. Elisaria alikosolewa na kijana wake mwenyewe, mbele ya watu, kuhusu namna anavyopokea mzigo. Akasema kweli, nimekosea. Wakacheka, wakaendelea kula.

Nilikula vizuri. Nilikula kuliko siku yoyote tangu semina. Nilihisi kitu fulani kifuani ambacho sikukipatia jina, nikatamani mchana usiishe. Chiku alisema niwe nakuja kila siku na wale wapya wakija niwalete.

Ni wakati wa kunawa mikono ndipo nilipoona. Hakuna mwenyekiti! Hakuna agenda. Watu wanazungumza kwa kukatizana, jambo la homa linaingia katikati ya jambo la sahani. Hakuna aliyepangiwa upande wa sinia. Hakuna dakika za kila mchangiaji, na kijana anamkosoa bosi bila kunyoosha mkono. Masikini, wamefika hapa kwa bahati tupu. Kitu kizuri namna hii, na hakuna anayekiongoza!

Siwezi kuwaacha hivi, ni watu wangu.

Kesho nitawahi kabla sinia halijafunuliwa, nisimame pale kichwani mwa mkeka. Nimeshanunua kengele.